Nimestaafu na nina gari: nawezaje kuwapeleka wagonjwa kliniki kwa kujitolea?

Msomaji wetu mmoja ameandika hivi: "Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63, naishi Donholm. Jirani yangu ana ugonjwa wa figo na husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki kule Hospitali ya Kenyatta. Juzi nikitoka Upper Hill nilimkuta stejini ameketi kwenye ukingo wa barabara, matatu zinampita kwa sababu hawezi kukimbilia mlango. Nina Toyota Fielder ambayo hulala nyumbani siku nne kwa wiki. Nataka nimpeleke yeye na wengine kama yeye. Nianzie wapi? Bima yangu itanilinda? Wakinipa hela ya mafuta nichukue? Mgonjwa akizidiwa garini nifanye nini? Mke wangu anasema najitafutia kesi, ila pia anauliza kama anaweza kuja nami."

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya hizo matatu zinazompita jirani yako. Nilikuwa nesi wa figo kwa miaka 14, na tangu nistaafu ninaratibu madereva tisa wa kujitolea wa kanisa letu huku Eastlands. Jirani yako simjui, ila hali yake naijua. Mtu akishatolewa kwenye mashine, mara nyingi presha huwa imeshuka, misuli ya miguu inambana, kichwa ni chepesi. Akiinuka ghafla anaona giza. Mtu huyo ndiye anayetakiwa kurukia matatu inayotembea, ashuke mjini, atafute nyingine ya kumfikisha Donholm.

Hizo siku nne ulizo nazo, anza kwa kuzikata. Jitolee siku moja tu kwa wiki. Karibu kila dereva anayejiunga nasi huja na moyo wa siku nne, na baada ya wiki sita gari liko kwa fundi, kuna mazishi ushago, mvua imenyesha na shamba linamwita, simu anaanza kuzipokea kwa kusitasita. Mambo hayo ni ya kawaida na hakuna ubaya ndani yake. Ubaya ni kwamba mgonjwa wa figo hawezi kuambiwa "tutaona wiki ijayo". Figo zikishaacha kazi, maji na madini ya potasiamu hujikusanya mwilini mpaka siku ya mashine. Kikao kimoja huchukua kama saa nne, na wengi hapa kwetu huenda mara mbili kwa wiki, ingawa kuna wanaohitaji mara tatu. Akikosa kimoja, maji yanaweza kupanda mapafuni, na usiku utamkuta ameketi kitandani kwa sababu akilala chali anahisi anazama. Potasiamu ikipita kiasi, moyo unaweza kusimama bila dalili ya kutosha kumwahi.

Miaka michache iliyopita dereva wetu mmoja, mtu mwema kabisa, alipitiwa na usingizi. Simu yake ilikuwa imezimika usiku. Mama mmoja wa Kayole alimngoja getini tangu saa kumi na nusu alfajiri, leso mabegani, mfuko wa dawa mapajani. Hakumpigia mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliona haya kumsumbua mtu anayemsaidia bure. Kulipopambazuka alipanda matatu, akabadilisha mjini, akafika saa tatu, na nafasi yake kwenye mashine ilikuwa imeshapewa mwingine. Walimsafisha kesho yake usiku, miguu imevimba hadi magotini. Alipona. Lakini nilipomwendea kumwomba radhi na kumpa dereva mwingine, alinijibu kwa upole: "Sista, acha nipande matatu. Matatu haijawahi kuniahidi." Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku hiyo nimebadilisha namna tunavyofanya kazi.

Siku hizi kila safari ina majina mawili, dereva na dereva wa akiba, na mgonjwa ana namba za wote wawili. Saa mbili usiku kabla ya safari dereva humpigia mgonjwa kumwambia atafika saa ngapi. Alfajiri akishaamka hutuma neno moja tu kwa simu: "Nimeamka." Lisipofika kwa wakati tuliokubaliana, dereva wa akiba anavaa viatu. Kwa hiyo kabla ya kumwahidi jirani yako chochote, tafuta mtu wa pili. Si lazima awe na moyo kama wako. Atafaa hata kijana wa teksi mnayemwamini pale mtaani, ambaye utamlipa wewe siku ambayo gari lako limegoma. Fikiria pia siku ambazo si kosa la mtu: Aprili 2024 jiji lilipofurika maji, na siku za maandamano mwezi wa sita mwaka huohuo, barabara zilifungika kabisa. Tuliowahi kuwalaza kwa ndugu walio karibu na hospitali usiku wa kuamkia siku hizo ndio waliofika.

Kuhusu kuanzia wapi, umeshaanza: una jirani. Mpeleke huyo mmoja kwa miezi miwili kabla ya kumtafuta wa pili. Usiende kusimama kwenye geti la hospitali ukijitangaza, kwa sababu mgonjwa hana njia ya kujua wewe ni nani, na askari wa pale wana haki ya kukutilia shaka. Ukiwa tayari kwa wengine, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Hawa ni wale wahudumu wapatao 100,000 ambao serikali iliwazindua nchi nzima Septemba 2023, wanaotembea nyumba kwa nyumba, na yeye anajua ni nani amelala kitandani katika ploti gani. Hospitali kubwa zina maafisa wa ustawi wa jamii, na hao hukutana kila siku na familia zinazoacha matibabu kwa kukosa nauli. Nairobi Hospice, ambayo iko kando ya Kenyatta tangu 1990, huwahudumia watu wenye magonjwa mazito pamoja na jamaa zao, na ni mahali pazuri pa kuuliza. Popote utakapokwenda, beba leseni yako na cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi, ambacho unaomba kupitia eCitizen kisha unapigwa alama za vidole. Kitoe kabla hujaombwa. Utakuwa umemwondolea mtu aibu ya kukuuliza.

Sasa bima, na hapa mkeo ana hoja.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka kila gari lililo barabarani liwe na angalau bima ya mtu wa tatu. Watu husikia hivyo wakadhani kila aliye ndani ya gari amefunikwa. Usidhani. Fungua karatasi za bima yako usome mahali panapoeleza matumizi ya gari. Gari la kibinafsi kwa kawaida huandikiwa matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani, na kubeba abiria kwa malipo kunatajwa wazi kuwa hakumo. Kisha tafuta kipengele kinachohusu dhima yako kwa abiria: kipo au hakipo, na kama kipo, ni abiria wangapi na kiasi gani cha fedha. Ukiwa na bima kamili huenda kimo. Kama hakimo, uliza kuongezewa ni pesa ngapi.

Halafu iandikie kampuni barua au baruapepe. Usipige simu tu, maana sauti ya simu haina ushahidi. Waambie hivi: nawabeba wagonjwa kwenda na kurudi kliniki kwa gari langu, bila malipo yoyote, takriban safari kadhaa kwa mwezi, je, bima yangu inanilinda mimi na wao? Subiri jibu la maandishi, lichape, liweke ndani ya gari pamoja na leseni. Wakikataa, ni heri umejua leo ukiwa sebuleni kuliko kulijua siku ya ajali.

Ukishaelewa hilo, swali la hela ya mafuta linajijibu. Usichukue kwa mgonjwa, hata shilingi mia mbili, hata akikusihi. Abiria akishakulipa, mtu anaweza kusema unafanya kazi ya uchukuzi, na kazi hiyo inadai leseni ya PSV, yaani ya gari la abiria wa kulipa, na bima yake. Na M-Pesa haisahau: kila hamsini uliyotumiwa iko kwenye rekodi na tarehe yake. Najua ni vigumu. Wazee wetu wanaona kupokea bure ni kudharauliwa. Mama mmoja alikuwa akimwachia dereva wetu mayai sita kwenye kiti cha nyuma kila wiki, na tulikubali mayai, kwa sababu yule mama alihitaji kutoa. Pesa hatukubali. Kama kanisa, msikiti au chama chenu kinaweza kuchanga na kurudisha gharama ya mafuta kwa risiti ya petroli, ni njia safi zaidi, lakini nayo itaje kwenye ile barua ya bima. Uingereza jambo hili lina utaratibu ulio wazi: tangu 2011 mamlaka ya kodi imemruhusu dereva wa kujitolea kurudishiwa peni 45 kwa kila maili, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka, bila kuhesabiwa kwamba amepata faida. Kwetu ni wewe na barua yako.

Piga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kuanza: petroli, maegesho, Expressway ukiamua kuipita, matairi yatakayochakaa. Ilinganishe na pensheni yako kwa uaminifu. Dereva anayeona aibu kusema "mwezi huu sina ya mafuta" ndiye anayeishia kuzima simu.

Nani umbebe? Mgonjwa anayeweza kuketi wima muda wote wa safari, na kutembea mwenyewe au akishikwa mkono na jamaa yake. Marekani, American Cancer Society ina mpango wa miaka mingi uitwao Road To Recovery, ambapo watu wa kawaida huwapeleka wagonjwa wa saratani kwenye matibabu kwa magari yao wenyewe, nao pia humtaka mgonjwa asiyejiweza awe na mtu wa kumsaidia. Si ukatili. Asiyeweza kuketi, anayepumua kwa shida, anayetumia oksijeni, mwenye maumivu ya kifua, anayevuja damu, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, hao ni wa ambulansi. Namba 999 na 112 ni za dharura, na 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Ukifika asubuhi ukakuta jirani yako amebadilika, midomo imekuwa ya bluu au maneno hayaeleweki, usimpakie kwa sababu tu mlipanga. Piga simu hapohapo mlangoni.

Kumwingiza mgonjwa garini kunaonekana jambo dogo mpaka umwone mzee akijaribu kutanguliza mguu mmoja kama kijana, huku ameushika mlango unaocheza. Fielder yako ina kiti cha chini, kwa hiyo msaidie hivi. Egesha mbali kidogo na ukingo ili asimame chini na si juu ya ukingo, kwa kuwa kutoka juu atashuka kama anayeanguka. Vuta handibreki. Sukuma kiti cha mbele nyuma kabisa na ukilaze kidogo. Mgeuze akupe uso, mgongo wake ukiangalia gari, arudi nyuma mpaka mapaja yaguse kiti. Ndipo aketi kwanza, wewe ukiweka kiganja juu ya kichwa chake asijigonge. Akishaketi, ndipo miguu iingie, mmoja baada ya mwingine, mwili ukizunguka nayo. Ukitandika kitambaa chororo kinachoteleza juu ya kiti atazunguka bila kujivuta. Aliyepatwa na kiharusi msimamie upande uliolegea, na usimvute kwa mkono huo, maana bega lake linaweza kuteguka.

Jirani yako bila shaka ana mkono wenye mshipa uliofura, unaotetemeka ukiugusa. Hiyo ni fistula, njia ya sindano, nayo ndiyo uhai wake. Usimshike hapo, usimbebeshe mfuko upande huo, usimruhusu aulalie. Kama ana mpira wa kifuani badala yake, mkanda wa gari usiukandamize: weka taulo dogo lililokunjwa kati ya mkanda na kifua. Mkanda avae, bila mjadala.

Na tafadhali usimnunulie maji. Hili huwaumiza madereva wote wapya. Mtu ametoka saa nne za mashine, midomo imekauka, jua la saa nane, nawe moyo unakutuma kwa muuza maji wa kwanza kwenye foleni ya magari. Mgonjwa wa figo amepimiwa kiasi cha maji kwa siku, na mara nyingi ni kidogo kuliko unavyodhani. Ndizi, machungwa, parachichi na madafu vina potasiamu nyingi, na kwake vinaweza kuwa sumu. Muulize kwanza, na akikataa usimshawishi.

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, uliza kwa sauti: kitambulisho, kadi ya kliniki, simu, dawa za mchana. Tangu bima ya afya ya serikali ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mgonjwa asiye na kitambulisho anaweza kukwama dirishani huku mashine yake inangoja. Tumewahi kugeuza gari City Stadium na kurudi hadi Umoja kwa ajili ya kitambulisho kilichobaki kwenye koti la Jumapili. Ukiwa na mgonjwa wa saa kumi na mbili asubuhi, ondoka Donholm saa kumi na moja kasoro. Baada ya hapo Jogoo Road hujaa kwa kasi, na ukishanasa huna pa kuchepukia. Wewe si ambulansi. Huna king'ora wala haki ya kupita upande wa pili, na kuwasha taa zote hakukupi haki hiyo.

Ukimfikisha usimwache getini. Mpeleke mpaka ndani, kiti cha magurudumu kikihitajika ukitafute wewe, na mwambie muuguzi aliye zamu jina lako na namba yako, na kwamba wewe ndiye utakayemrudisha. Ugumu wa kazi hii uko kwenye kurudi. Asubuhi mtu ana nguvu za kwenda. Mchana ndiyo anamhitaji dereva, na mchana ndiyo madereva hupotea, kwa sababu kikao kilichopangwa kuisha saa nne kimefika saa sita, mashine ilichelewa, daktari aliitwa wodini, dawa hazijatoka. Usipange kitu kingine siku hiyo. Beba kitabu, beba chapati, tafuta kivuli. Madereva wetu wazuri kuliko wote ni wale wanaojua kungoja, na wewe uliyesimamia mitihani miaka yote hiyo nadhani unaweza.

Siku moja, nikiwa nimeketi nyuma na mzee mmoja tukipita Haile Selassie, niliona doa jekundu kwenye mkono wa shati lake, dogo kama sarafu ya shilingi. Kabla hatujafika kwenye mzunguko lilikuwa limekuwa kama kiganja. Bandeji ya sindano ilikuwa imelegea. Alikuwa ameliona kabla yangu akanyamaza, akiona aibu kuchafua kiti cha watu. Nilikunja shashi safi, nikaweka vidole viwili palepale inapotoka, nikakandamiza, na mkono tukauinua juu ya kifua. Dereva aliegesha kando, akawasha taa za dharura. Dakika 15 bila kuinua kidole kuchungulia, kwa sababu kila ukichungulia unaanza upya. Iliacha. Ingekataa, au ingekuwa inaruka kwa nguvu, tungeendelea kukandamiza huku tukipiga simu ya ambulansi. Ndiyo maana ndani ya gari lako nataka kuwe na pakiti ya shashi, glavu, taulo mbili, na ndoo ndogo yenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, na ya karatasi haizuii matapishi. Pia waambie wagonjwa wako siku ya kwanza kabisa kwamba kiti kinaoshwa. Waambie kabla hawajahitaji kulisikia.

Mengine yanayoweza kutokea garini ni machache, na kwa yote kitu cha kwanza ni kutoka barabarani na kusimama. Akizimia au akisema anaona giza, laza kiti, inua miguu yake. Mwenye kisukari akianza kutokwa na jasho, kutetemeka na kuongea ovyo, sukari imeshuka: kama anaweza kumeza, mpe peremende au kijiko cha sukari, ambayo hata mgonjwa wa figo inamfaa kuliko juisi ya machungwa. Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, mlinde kichwa, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, ita ambulansi. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi, ita ambulansi papo hapo, na ukiwa karibu sana na hospitali yoyote ingia hiyo, hata kama si yake. Ukiwa bado Donholm au Umoja, Mama Lucy Kibaki iko karibu kuliko Kenyatta. Ukishapita City Stadium, songa mbele. Amua hayo leo kwenye meza, usiyaamue mkono ukitetemeka. Na ufanye mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo St John Ambulance na Msalaba Mwekundu hutoa hapahapa Nairobi. Huendi kuwa nesi. Unajifunza kutofanya makosa dakika tano za kwanza.

Siku moja utaombwa pia wagonjwa wa saratani. Wanaotumia kemo hawastahimili harufu: ondoa ule mti wa manukato unaoning'inia kwenye kioo, usile samaki garini, fungua dirisha kidogo. Kinga yao ya mwili imeshuka, kwa hiyo ukiwa na mafua hata kidogo, mpe dereva wa akiba safari hiyo. Wanaokwenda kwenye mionzi, iwe Kenyatta au ile hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, mara nyingi hutakiwa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Usikubali mgonjwa wa namna hiyo peke yako. Tafuteni madereva watano, kila mmoja na siku yake. Aliyewekewa dawa ya kupanua mboni za macho hataona vizuri kwa saa kadhaa, basi mshike mkono na ubebe miwani ya jua. Wa kifua kikuu muulize nesi kwanza, vaeni barakoa, madirisha wazi.

Yale unayoyasikia garini yabaki garini. Mtaani kwetu mtu akiona umemshusha fulani, atakuuliza kwa wema kabisa, "Anaumwa nini?" Jibu ni kwamba umempa lifti. Usiandike jina la mgonjwa na ugonjwa wake kwenye kundi la WhatsApp, hata la madereva. Habari za afya ya mtu zinalindwa na sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data, na kabla ya sheria zinalindwa na heshima. Na usijaze safari kwa maneno. Wengine wanataka kuongea kuhusu watoto, wengine wanataka redio, wengi wakitoka wanataka kufumba macho. Usimwambie habari za dawa ya mitishamba iliyomponya binamu yako.

Wengine watafariki, Mwalimu. Ni heri nikwambie mapema. Utakuwa umempeleka mtu mwaka mzima, unajua anapenda kiti kilazwe kiasi gani, halafu Jumanne moja binti yake atakupigia. Sisi hukutana mara moja kwa mwezi, tunakunywa chai, na mwenye kuomboleza anaomboleza. Usiifanye kazi hii bila watu wa kunywa nao chai.

Mkeo aje, na mshukuru kwa niaba yangu. Wagonjwa wa kike hustarehe zaidi wakiona mwanamke mwingine garini, na mikono miwili ya ziada pale mlangoni ni msaada mkubwa. Hofu yake ya kesi usiipuuze. Mwonyeshe ile barua ya bima ikifika, naye aamue akishaisoma.

Kabla ya kumbeba mtu yeyote, nendeni nyinyi wawili bila mgonjwa. Ondokeni saa kumi na moja kasoro siku ya kazi, mpime muda mpaka mlango wa kitengo cha figo. Tafuteni mahali pa kuegesha, pa kupata kiti cha magurudumu, njia isiyo na ngazi, na choo kilicho karibu. Rudini mchana ule ambao jirani angerudi, muone foleni ilivyo. Mkishafika, mpigie hodi, umwulize siku zake ni zipi na anapenda kuketi mbele au nyuma.